Si bosi wangu, ila ndiye anayesaini tenda: barua kutoka Kigoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Gungu hapa Kigoma. Nimeajiriwa na kampuni ya usafi, nayo kampuni imenipanga kwenye ofisi moja kubwa hapa mjini. Naomba nisiitaje. Tuko watatu, na mimi ndiye nasafisha ghorofa ya juu, aliko mkuu wa ofisi. Nina mwaka na miezi minne pale.

Mwanzoni huyu baba alikuwa mtu wa utani tu. "Mrembo, leo umependeza, kanga hiyo nani kakuchagulia?" Nikawa nacheka, maana mkubwa akikutania utafanyaje? Baadaye akawa akinikuta napiga deki anasimama mlangoni, hasogei, mpaka nijibanze nipite. Kisha yakaja mambo ya funguo. Anaangusha funguo chini ya meza, anasema "niokotee, mgongo unaniuma." Nikiinama namsikia amenyamaza kimya. Shangazi, ule ukimya unaniumiza kuliko hata maneno. Mwezi uliopita aliniita nifute meza, akanigeuzia simu yake, kumbe ni video chafu. Nikaliacha tambara palepale nikatoka. Akacheka, akasema, "Kwani wewe mtoto? Hao wawili uliwaokota Kibirizi?"

Hajawahi kunishika. Hajawahi kuniambia twende mahali. Ndiyo maana nashindwa hata kujua nalalamikia nini. Ila wiki iliyopita alisema neno lililoninyima usingizi: "Mkataba wa kampuni yenu unaisha Juni, na anayesaini ni mimi. Mimi napenda watu wachangamfu."

Nikamweleza supavaiza wetu, mwanamke mwenzangu. Akanijibu kwamba yule si mwajiri wangu, ni mteja, na kampuni haina mamlaka juu ya mteja. Nikileta maneno tutapoteza tenda, na wenzangu wawili watakula nini? Akanishauri nivae sketi ndefu. Nimevaa. Sasa najifunga na kanga juu ya yunifomu. Nimeanza kuingia saa kumi na moja alfajiri ili nimalize ghorofa ya juu kabla hajafika, na bodaboda wa saa hizo namlipa mara mbili.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Wakati wa giza yuko ziwani kila usiku, tunamwona vizuri nyumbani mbalamwezi ikiwaka. Sijamwambia. Najua atasema niache kazi, au ataenda kule kupigana.

Jirani yangu anafanya kazi na shirika linalohudumia wakimbizi. Ameniambia huo ni unyanyasaji wa kingono, ni suala la haki za binadamu, hata Umoja wa Mataifa wanalitambua. Nilicheka, Shangazi. Umoja wa Mataifa na deki yangu wapi na wapi? Naomba unieleze. Kama hajanishika, na mwanzoni nilicheka mwenyewe, na si bosi wangu, na sina shahidi, kuna kosa hapo? Au ni mimi nakuza mambo?

Mama wa wawili, Gungu

*

Marahaba mwanangu.

Hukuzi mambo. Jirani yako amesema kweli, na nitakueleza Umoja wa Mataifa na deki yako vinakutana wapi, kwa sababu vinakutana karibu kuliko unavyodhani.

Nikiwa karani kijana, kulikuwa na mzee mmoja ofisini aliyekuwa akipita nyuma ya viti vyetu wasichana anatuwekea mikono mabegani na kuiacha hapo muda mrefu. Hatukuwa na neno la kuliita jambo lile. Tulikuwa tukiambiana tu, "Yule baba ana tabia." Basi. Ukikosa neno, hata kulalamika huwezi, maana utaanza na lipi? Wewe umeniandikia ukurasa mzima halafu ukaniuliza unalalamikia nini. Ndicho kilekile kilichotukwamisha sisi.

Na hata wakubwa wa dunia hawakuwa na neno hilo tangu mwanzo. Mkataba mkubwa wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, huo unaoitwa CEDAW, ulipitishwa mwaka 1979, na Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Ukiusoma wote, maneno "unyanyasaji wa kingono" hutayakuta. Mkataba unasema mwanamke ana haki ya kufanya kazi kwa usawa na mwanamume, na haki ya kulindwa afya na usalama wake kazini. Yakaachwa hapo. Lakini una kamati ya wataalamu 23 wanaosimamia utekelezaji wake, na mwaka 1992 kamati hiyo ikatoa Pendekezo la Jumla namba 19, ikaeleza kile ambacho mkataba haukukitamka. Ikasema unyanyasaji wa kingono ni mwenendo wa kingono usiotakiwa na anayefanyiwa: kumgusa, kumwendea kwa nia hiyo, kumtolea maneno yenye harufu hiyo, kumwonyesha picha za ngono, kumtaka kimapenzi, iwe kwa maneno au kwa vitendo.

Rudia kuisoma. Kumgusa kumo, lakini ni kimoja tu kati ya vingi. Maneno yamo. Picha za ngono zimo, zimetajwa waziwazi, miaka mingi kabla ya hiyo simu aliyokugeuzia. Kwa hiyo swali lako la kwanza limejibiwa: mtu anaweza asikuguse hata kwa ncha ya kidole na bado akawa amekunyanyasa.

Sasa hili la kucheka. Naona ndilo linalokukaa kooni kuliko yote. Waliotunga maelezo yale walijua kwamba mwanamke kazini mara nyingi hasemi "sitaki." Wakaandika kwamba mwenendo huo unakuwa ubaguzi pale mwanamke anapokuwa na sababu za msingi za kuamini kuwa akikataa ataumia katika kazi yake, au pale unapoyafanya mazingira ya kazi kuwa ya uadui. Umeona? Ulicheka kwa sababu aliyekutania ana kalamu ya kusaini mkate wako. Kicheko cha mtu anayeogopa si ridhaa, na sheria ya haki za binadamu haikipokei kama ridhaa. Tena hukuendelea kucheka. Siku ya ile video uliacha tambara mezani ukatoka. Hilo ni jibu, na alilielewa, ndiyo maana alikukejeli.

Nataka nikae kidogo kwenye neno "ubaguzi," kwa sababu hapo ndipo sheria hii inapoachana na namna tunavyozungumza mitaani. Sisi kitu kama hiki tunakiweka kwenye kapu la maadili. Tunauliza alivaa nini, alicheka vipi, mke wa mtu alikuwa akifanya nini peke yake ofisini na mwanamume. Maswali yote yanamwendea mwanamke, na supavaiza wako kaishia kwenye sketi. Sheria ya haki za binadamu inauliza swali jingine kabisa: je, mwanamke huyu anafanya kazi yake kwa usawa na wengine? Bila shaka ofisi ile ina mlinzi getini, na nakisia ni mwanamume. Hakuna anayemwangushia funguo. Hajabadilisha saa za kuingia kazini kwa kumkwepa mtu. Halipi bodaboda mara mbili. Wewe unalipa. Ile nauli ya ziada unayotoa mfukoni kila alfajiri kwa sababu tu wewe ni mwanamke, huo ndio ubaguzi wenyewe, unahesabika kwa shilingi. Na sketi haikuurudisha hata shilingi moja, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye sketi.

Uliuliza Umoja wa Mataifa na deki wapi na wapi. Nikupe habari ya Anna Belousova. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya msingi ya kijiji kiitwacho Pertsevka, huko Kazakhstan. Mwalimu mkuu mpya akamwambia kwamba akitaka mkataba wake uendelee alale naye. Akakataa, akapoteza kazi. Alipolalamika kwa wakubwa, hakusikilizwa inavyopasa, na yule mwalimu mkuu akamshtaki yeye kwa kumchafulia jina. Mahakama ikampa ushindi mwalimu, mama yule akaamriwa aombe radhi hadharani. Hebu fikiria. Akapeleka shauri lake mpaka kwenye ile kamati ya watu 23, na mwaka 2015 kamati ikasema Kazakhstan ndiyo iliyokosea: ilishindwa kumlinda, haikuchunguza kwa uzito, haikutazama kabisa kwamba mmoja alikuwa na madaraka na mwingine alikuwa na ufagio. Ikaitaka nchi hiyo imlipe fidia.

Mlango aliopita Anna unaitwa Itifaki ya Hiari ya mkataba ule, na Tanzania imeukubali tangu mwaka 2006. Sikuambii ukimbilie huko. Kamati haikupokei mpaka uwe umegonga milango ya nyumbani kwanza. Nakuambia ujue tu kwamba mwanamke mwenye ndoo na deki, wa kijijini kabisa, alisikilizwa huko, na nchi nzima ikaambiwa imekosea.

Supavaiza anasema yule si mwajiri wako. Kuna mama mwingine, hakimu walimficha jina wakamwita C. tu. Alikuwa akisafisha kituo cha reli katika mji wa Timișoara, Romania, na mwajiri wake, kama wewe, alikuwa kampuni ya usafi. Aliyemsumbua alikuwa mkuu wa kituo. Waendesha mashtaka wa kwao walilifunga faili. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba Romania ilivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake binafsi. Waliochunguza hawakujali tofauti ya nguvu kati ya wawili wale, wakazijaza karatasi zao maneno ya mtuhumiwa ya kumpaka matope, tena wakamkutanisha naye uso kwa uso bila sababu ya maana. Hukumu za Ulaya haziifungi Tanzania. Nimekutajia kwa sababu moja: aliyemsumbua hakuwa mwajiri wake, na hilo halikuizuia mahakama kumpa haki mama yule.

Shirika la Kazi Duniani nalo liliandika Mkataba namba 190 mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini. Unasema tukio moja tu linatosha, si lazima lijirudie. Unawahesabu wateja na watu wengine wa nje, si bosi na mfanyakazi pekee. Na unaihesabu hata njia ya kwenda na kurudi kazini, kwa hiyo ile bodaboda yako ya alfajiri imo ndani ya mawazo ya waliouandika. Kwetu Afrika tuna Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake, ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, na ibara yake ya 13 inazitaka serikali zipambane na unyanyasaji wa kingono kazini na kuwaadhibu wanaoufanya.

Sasa nikuambie ukweli ambao wengi hawausemi. Mikataba hii inazibana serikali zilizoiridhia. Huwezi kuishika Itifaki ya Maputo mkononi ukaenda kumkamatisha nayo mtu. Kinachoweza kumkamata ni sheria ya hapa nyumbani, na ipo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ile SOSPA, iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kingono, na ikaeleza kwamba mtu mwenye madaraka anayemwendea mwenzake kwa maneno au vitendo vya kingono visivyotakiwa, kazini au mahali pengine popote, anatenda kosa hilo. Haikusema "mwajiri." Ilisema mtu mwenye madaraka. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, nayo inamgusa mwajiri wako, yaani kampuni. Supavaiza akikuambia hawana mamlaka juu ya mteja, wana mamlaka juu ya ratiba. Wanaweza kukuhamisha ghorofa bila kukupunguzia mshahara, wanaweza kuwapanga wawiliwawili, wanaweza kumwandikia mteja barua. Wasipofanya hata moja, kosa ni lao.

Ile kauli ya Juni nayo ina jina lake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo ametenda kosa. Sisi tunaiita rushwa ya ngono. Huyu bado hajatamka anachodai, amezunguka tu na neno "wachangamfu." Akitamka, hiyo ni kazi ya TAKUKURU, namba yao ni 113 na kupiga ni bure. Tafadhali usimchokoze ili atamke, wala usikubali kwenda naye popote eti upate ushahidi. Wapigie TAKUKURU kwanza, kutega mtego ni kazi yao.

Kuhusu ushahidi, unao mwingi kuliko unavyodhani. Nunua daftari dogo. Andika kila tukio: tarehe, saa, ulikuwa ukisafisha wapi, alisema nini kwa maneno yake yaleyale, wewe ulifanya nini. Andika na siku uliyomweleza supavaiza na alivyokujibu, maana kumweleza mtu mapema ni ushahidi. Jirani yako naye ni shahidi wa kwamba ulimwambia. Daftari likae nyumbani, lisikae kwenye ndoo za kazi. Zungumza pia na wale wenzako wawili, mmoja mmoja, bila kuwasukuma. Sitashangaa ukikuta aliyesafisha ghorofa ya juu kabla yako aliomba kuhamishwa, wala hakusema kwa nini.

Kisha iandikie kampuni barua, iwe ya maandishi, si ya mdomo tena. Mistari michache inatosha: nini kimetokea, lini, nilimweleza nani, naomba hatua zichukuliwe. Toa nakala, wakugongee muhuri wa kupokea, ubaki nayo. Wakikufukuza kwa sababu ya barua hiyo, una siku 30 za kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Siku hizo huwa zinayeyuka, mwanangu, mtu akiwa bado analia. Kwa upande wa kosa la jinai nenda Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Nenda na jirani yako, na usikae miezi ukisubiri moyo utulie. Ukimkuta ofisa anayeanza na swali la mavazi, mwombe kwa heshima mwenzake, na jina lake uliandike daftarini.

Na usiandike barua ya kuacha kazi leo, ukiwa na hasira. Ukiacha mwenyewe, kesi yako itakuwa ngumu zaidi, na yeye atabaki na funguo zake akimsubiri mwingine. Lakini siku ukiona anafunga mlango, au mko wawili tu jengo zima, acha ndoo uondoke. Hapo kazi si kitu. Kwa sababu hiyohiyo sipendi hiyo saa kumi na moja. Umemkwepa mtu ukajiingiza kwenye jengo tupu na barabara yenye giza. Akija naye mapema siku moja, nani atasikia? Rudi kwenye saa za wenzako, na hilo nalo liandike kwenye barua.

Imebaki habari ya mumeo. Wapo watakaokuambia ufiche. Mimi naona umweleze, ila si kwa simu akiwa mwaloni, na si alfajiri anarudi na uchovu wa karabai. Subiri mbalamwezi, siku asiyokwenda ziwani, watoto wamelala. Mpe daftari asome mwenyewe kabla hujasema neno, akasirikie karatasi kwanza. Kisha mwambie unachokitaka kwake kwa uwazi: hutaki apigane, na hujaomba ruhusa ya kuacha kazi. Unataka akusindikize siku ya kupeleka barua, asimame nje ya mlango wa kampuni akusubiri. Mwanaume akipewa kazi ya kufanya huwa anatulia.

Niandikie tena ukishagongewa muhuri. Na daftari lianze leo, na ukurasa wa kwanza uwe siku ya kwanza ya zile funguo. Kama tarehe huikumbuki vizuri, andika ilikuwa mvua au jua, na kanga uliyokuwa umejifunga.